Chupa 24, matope yaleyale: nichague rangi zipi za wino wa alkoholi?

"Shikamoo mwalimu. Nipo Tanga, nachora kwa wino wa alkoholi kwenye vigae vyeupe na karatasi ya Yupo, kisha nauza kama mapambo ya ukutani na vigae vya kuwekea vikombe. Mwaka jana nilinunua boksi la chupa 24 nikidhani rangi nyingi ndiyo raha. Moja moja zinavutia, lakini zikikutana kila mchoro unaishia kuwa kahawia ya matope. Wachoraji wa mtandaoni hutaja rangi wanazozipenda, nimenunua baadhi, hali ni ileile. Kuchanganyia natumia sanitaiza kwa sababu alkoholi safi ni ghali. Halafu mteja mmoja amerudisha mchoro, waridi yote imechujuka baada ya kukaa sebuleni kwake miezi michache. Sasa nina hela ya chupa tano au sita tu. Naomba unitajie rangi unazozipenda wewe, na zipi zinadumu."

Marahaba, na pole kwa mchoro uliorudishwa. Rangi ninazozipenda nitakutajia, sikunyimi. Ila nianze na hilo boksi, kwa sababu ukinunua chupa sita mpya ukazitumia kama ulivyozitumia zile 24, utapata matope mapya.

Kwanza nikutoe wasiwasi: huenda wino wako hauna kasoro yoyote, na jicho lako halina pia. Uliuziwa seti iliyopangwa ipendeze ikiwa imefungwa, kila rangi ndani ya chupa yake. Kwenye kigae hakuna chupa. Rangi zinakutana, na zikikutana huzaa nyingine. Kwa hiyo mtu akisimama dukani akajiuliza tu kama anaipenda rangi, amejiuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: ikigusana na zile nilizonazo nyumbani, kitatokea nini? Ukiwa na chupa 24, jozi zinazoweza kugusana ni 276. Nani atazijua zote? Ukiwa na sita, jozi ni 15, na hizo unaweza kuzijaribu mchana mmoja kwenye vigae viwili vitatu, ukaandika kwa kalamu chini ya kila moja, usibahatishe tena.

Wino huu una tabia ambayo rangi nyingine nyingi hazina. Rangi ya maji hunywewa na karatasi. Akriliki ikikauka inageuka plastiki, ukipaka nyingine juu yake, ile ya chini haitikisiki. Wino wa alkoholi ni rangi iliyoyeyushwa ndani ya alkoholi pamoja na utomvu kidogo wa kuishikiza, nawe unaumwaga juu ya kitu kisichonyonya: kigae, kioo, bati, au Yupo, ambayo tunaiita karatasi lakini ni plastiki ya polipropilini, asili yake Japani. Alkoholi inaruka hewani, rangi inabaki juu juu. Ukidondosha tone jingine hata baada ya wiki nzima, alkoholi mpya inaiyeyusha ile ya zamani na safari inaanza upya. Ina maana kwamba kwenye kigae chako hakuna rangi iliyokwisha kutulia. Zote ziko tayari kukutana tena.

Ule mwendo unaoupenda, tone likisukuma tone jingine likakimbia, nao una sababu. Mvutano wa uso wa alkoholi ni mdogo, kama theluthi moja tu ya ule wa maji, ndiyo maana inatanda upesi hivyo. Penye alkoholi nyingi mvutano ni mdogo. Ilikopungua, mvutano ni mkubwa, na kimiminika huvutwa kuelekea huko. Mwanafizikia wa Italia, Carlo Marangoni, alilieleza jambo hilo mwaka 1865, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Zaidi ya hapo, tone huwa jembamba pembeni kuliko katikati, hivyo pembeni hukauka kwanza. Kimiminika cha katikati hukimbilia kuziba pengo na kubeba rangi pamoja nacho. Mstari mzito unaoachwa ukingoni ni ndugu wa duara la kahawa lililokaukia mezani. Rangi ikiwa nzuri, huo mstari ndio uhai wa mchoro. Ikiwa ni matope, mstari unayatangaza.

Sasa matope yenyewe. Wino huu hupitisha mwanga. Mwanga unaingia kwenye wino, unagonga weupe wa kigae, unarudi na kupita kwenye wino mara ya pili, ndipo unafika jichoni. Njiani kila rangi inameza sehemu yake. Manjano inameza bluu, majenta (waridi inayoelekea zambarau) inameza kijani, feruzi inameza nyekundu. Ukikutanisha mbili kati ya hizo, bado kuna mwanga safi unaobaki: manjano na feruzi zinakupa kijani, feruzi na majenta zinakupa bluu nzito na zambarau, majenta na manjano zinakupa nyekundu na machungwa. Ya tatu ikiingia kwa wingi, mwanga karibu wote umemezwa na unaona kahawia au kijivu. Na mtego uko hapa: kijani cha chupani kinameza mwanga kama vile manjano na feruzi zimo ndani yake tayari. Ukikidondoshea nyekundu, umeshaita zote tatu. Bluu na machungwa ni vilevile, manjano na zambarau vilevile. Mkononi umeshika chupa mbili, lakini kwenye kigae ziko rangi tatu.

Watu wengi wakifika hapo hukimbilia chupa ya wino mweupe. Usifanye hivyo. Wino mweupe ni wa ukoo mwingine: ni chembechembe za titani dioksidi zinazoelea, ndiyo maana huzama chini ya chupa na lazima utikise kabla ya kutumia. Hauondoi matope, unayatia maziwa tu. Weupe halisi wa mchoro huu ni kigae chenyewe, na njia ya kuufikia ni alkoholi tupu na kipande cha tishu.

Kabla hujatoa hata shilingi, yapime uliyonayo. Chukua karatasi ya kuchujia kahawa, au tishu nyeupe isiyo na maua, dondosha tone moja la wino, acha likauke kidogo, kisha dondosha alkoholi katikati polepole. Rangi iliyotengenezwa kwa kitu kimoja itatanuka ikiwa ileile hadi mwisho. Iliyochanganywa kiwandani itajigawa miviringo: kijani kitaacha manjano huku na bluu kule, nyeusi itafichua zambarau iliyojificha, na kahawia hutoa mambo ambayo hukuyatarajia. Sisemi zilizochanganywa ni mbaya. Kijivu kinachoachia uzi wa waridi ukingoni ni kitu ambacho huwezi kukipata kwa brashi, nami nakipenda mno. Lakini kila iliyochanganywa inaingia kwenye mchoro na wageni wake, na ukizikutanisha mbili za aina hiyo umealika umati. Zitenge chupa zako makundi mawili, na wakati wa kujifunza usitumie zaidi ya moja ya kundi la mchanganyiko kwenye kigae kimoja.

Jaribio hilohilo litakuonyesha kwa nini orodha za mtandaoni hazikukusaidia. Majina ya chupa ni ya biashara. "Indigo" ya kampuni moja si ya nyingine, na rangi ya kifuniko si ushahidi wa kilichomo. Tyubu nzuri za rangi ya mafuta huandikwa msimbo wa rangi iliyotumika, msomaji akajua. Chupa nyingi za wino wa alkoholi haziandikwi chochote cha namna hiyo. Aliyekutajia rangi zake alikuwa anaongelea chupa zake, uso wake wa kuchorea na hali ya hewa ya kwake.

Basi, zangu. Ningebakiziwa chupa moja tu ningechagua feruzi. Ukiipunguza kwa alkoholi mpaka iwe nyepesi kabisa, haichafuki, na ukingo wake hukauka kwa mstari mkali. Katika chupa za Piñata za kampuni ya Jacquard mimi huchukua Baja Blue. Katika zile za Tim Holtz zinazotengenezwa na Ranger huchukua Stream. Pembeni yake naweka bluu nzito, ya nili, kwa ajili ya giza. Wanaoanza huogopa giza, wanajaza rangi tamu tupu za katikati, halafu wanashangaa mchoro hauna kina. Piga picha mchoro wako kwa simu uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe: ukiona kijivu kimoja kila mahali, hukosi rangi, unakosa giza na weupe.

Ya tatu ni majenta, si nyekundu. Hapa nitabishana na yeyote. Ukiwa na majenta na manjano unapata nyekundu ya moto, machungwa, na kila kilichopo kati yao. Ukiwa na nyekundu, majenta huipati kamwe, na ukiichanganya na bluu kutafuta zambarau unapata rangi ya bilinganya iliyochemshwa. Señorita Magenta ya Piñata inafanya kazi hiyo vizuri. Ina udhaifu wake kwenye jua, nitaufikia. Manjano nunua ile baridi iliyo karibu na limau, kama Sunbright Yellow, na uitumie ya kwanza kabisa kwenye kigae kikiwa kisafi, maana tone moja la bluu kutoka kwenye ncha chafu ya chupa linaimaliza.

Ya tano ni rangi ya kutu au udongo mwekundu. Havana Brown ni mfano, na karibu kila kampuni ina ya kwake. Najua unashangaa, umekuja kukimbia kahawia nami nakuuzia kahawia. Kahawia uliyoichagua, ukaiweka mahali ulipotaka, ni tofauti kabisa na iliyokuvamia. Na ina kazi moja kubwa, kuipa feruzi nguvu. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia upakaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alilalamikiwa kwamba nyuzi nyeusi za hapo zimefifia. Akachunguza, akakuta nyuzi ni nzima. Zilizofanya zionekane dhaifu ni rangi zilizofumwa kando yake. Maelezo yake aliyachapisha mwaka 1839, na yanakuhusu wewe leo: rangi mbili zinazopingana zikikaa jirani bila kuchanganyika, kila moja inaikoleza mwenzake. Zikichanganyika zinauana. Kwa hiyo feruzi upande huu, kutu upande ule, na katikati uache njia nyeupe isiyoguswa, hata ya upana wa kidole.

Ya sita ni dhahabu. Rich Gold ya Piñata naiamini. Nayo ni chembechembe zinazozama, kwa hiyo tikisa, na iweke mwisho, tone moja au mawili kwenye ukingo ulio bado na unyevu, iteleze yenyewe ifuate mistari. Dhahabu kwenye rangi safi inaita wateja. Kwenye matope inaonekana kama uchafu unaong'aa.

Usiziweke zote sita kwenye kigae kimoja. Chagua mbili ambazo mtoto wao unamkubali, uongeze giza, kisha dhahabu. Feruzi, nili na dhahabu haijawahi kumwangusha mtu, ni bahari ya kwenu Tanga siku ya jua. Feruzi na majenta pamoja na nili zinakupa zambarau na urujuani njia nzima. Majenta na manjano ni machweo. Hapo giza litoke kwenye kutu, usiite nili. Manjano na feruzi zinatoa kijani kibichi kizuri, lakini ni jozi ya makelele, iache mpaka mkono wako utulie.

Mkono kutulia maana yake nini? Anza na alkoholi tupu kwenye kigae, kisha tone moja la rangi nyepesi, kisha nusu tone la nzito. Ongoza kwa upepo wa draya ikiwa kwenye baridi na mwendo mdogo. Kisha acha. Subiri ikauke kabisa kabla ya kuongeza, na safari ya pili tumia alkoholi pungufu kuliko ya kwanza. Matope mengi ninayoletewa hayakutokana na uchaguzi wa rangi. Mchoro ulikuwa umeshapendeza, mwenyewe akaongeza tone moja zaidi.

Sanitaiza nayo inakuharibia, na si kidogo. Wakati wa korona watengenezaji wengi walifuata kanuni ya Shirika la Afya Duniani: ethanoli asilimia 80 au alkoholi ya isopropili asilimia 75, na ndani yake gliseroli asilimia 1.45 ili isikaushe ngozi. Gliseroli hairuki hewani. Inabaki kwenye kigae ikinata, inavuta unyevu, inazuia wino kushika na inafifisha mng'ao. Ile ya jeli ni mbaya zaidi kwa sababu ina kizito cha kuifanya iwe kama uji. Spiriti ya hospitali mara nyingi ina mafuta ya mbarika. Spiriti iliyotiwa rangi ya zambarau itakuchafulia manjano kabla hujaanza. Na thina ya rangi ya gari usiisogeze kabisa. Mvuke wake ni habari nyingine.

Unachotafuta ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, au angalau 90 na kitu. Usiangalie duka la sanaa peke yake, ambako unalipia jina. Uliza maduka ya vifaa vya maabara, au muulize fundi simu anaponunua ya kusafishia saketi. Lita moja ikigawanywa na wenzako wawili bei inauumiza moyo kidogo tu. Ukilazimika kutumia ya asilimia 70, jua kwamba theluthi yake karibu ni maji: itakauka polepole, kingo zitavunjika vidonedone, rangi itakuwa butu. Wapo wanaoutaka mwonekano huo makusudi. Na kwa kuwa uko pwani, hata alkoholi safi hunywa maji ya hewani. Inaporuka inapoza kigae, na unyevu wa masika unatua hapo hapo, ukungu mweupe unatokea juu ya rangi. Chora mchana hewa ikiwa kavu kidogo, funga chupa kila ukishadondosha, na kazi kubwa za wateja zipangie miezi ya kipupwe kama unaweza.

Sasa mchoro uliorudishwa. Hapa niwe mkweli kuliko wauzaji: wino huu, kwa sehemu kubwa, si rangi ya kudumu vizazi. Rangi iliyoyeyuka imetawanyika molekuli moja moja, na mwanga ukiipiga unavunja kile kinachoifanya ionekane na rangi. Chembechembe, kama zile za nyeupe, zinajikinga kwa wingi wao. Ya juu ikiharibika ya ndani ingali nzima. Waridi kali, majenta na zambarau angavu ndizo hutangulia, na zikiwa zimepunguzwa sana kwa alkoholi zinaondoka mapema zaidi. Feruzi na bluu nzito mara nyingi zina uvumilivu. Lakini usiniamini kwa maneno, pima. Paka mstari wa kila rangi kwenye kigae, nzito upande mmoja na nyepesi upande mwingine, funika nusu kwa foili ya alumini, weka dirishani panapopigwa na jua, na ufunue kila baada ya wiki mbili kwa miezi mitatu. Wahifadhi wa makumbusho na viwanda vya nguo hufanya hivyohivyo kwa vipande vya sufu ya bluu vilivyopangwa daraja 1 hadi 8, la 1 likipauka upesi na la 8 likikawia kuliko yote. Kigae chako hakitakupa daraja, kitakuonyesha ni chupa gani usimuuzie mtu.

Vanishi yenye kinga ya miale ya jua inasaidia, ila inachelewesha tu. Kioo cha dirisha nacho hakizuii yote, na hata mwanga wa kawaida unaoonekana unachangia. Tumia vanishi ya kupulizia, usipake kwa brashi, maana brashi itaburuta wino. Tabaka jembamba la kwanza likauke, la pili, la tatu, kisha ile ya kinga juu. Jaribu kwanza kwenye kipande kibovu: vanishi yenye alkoholi ndani yake itayeyusha kazi yako mbele ya macho yako. Njia nyingine, ambayo wachoraji wengi wanaona aibu kuitumia bila sababu, ni kuuskani mchoro siku ya kwanza ukiwa katika ubora wake na kuuza nakala zilizochapishwa kwa wino wa chembechembe. Mteja anapata waridi itakayokaa, wewe unabaki na asili.

Vigae vya kuwekea vikombe vina masharti magumu kuliko vya ukutani. Mteja akiwa na sanitaiza mkononi akakishika kigae kisichofunikwa, alama za vidole vyake zitabaki hapo milele. Inabidi ufunike kwa rezini ya epoksi, kimiminika kinachoganda kama kioo, na kabla ya rezini upulizie vanishi, la sivyo wino utaingia ndani yake na kutanda. Hata hivyo rezini nyingi za sanaa hulainika kwa joto la kikombe cha chai iliyochemka, na hugeuka manjano juani. Nunua iliyoandikwa kiwango cha joto inachostahimili, au uviuze kama vya vinywaji baridi na uviandike hivyo. Na wino huu usipake ndani ya kikombe, kwenye mdomo wa glasi au kwenye sahani ya chakula, hata ukiwa umefunikwa.

Kuhusu afya yako siwezi kupita haraka, kwa sababu hukugusia na wengi hawagusii. Alkoholi ya isopropili inatoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia nyuzi joto 12 hivi. Pwani ya Tanga haipati baridi hiyo. Kwa hiyo hakuna jiko la mkaa, mshumaa, udi wala sigara chumba unachochoria, na zile video za kupitisha moto juu ya wino ziangalie tu. Fungua madirisha mawili yanayopishana hewa ipite. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke. Inayozuia ni ile yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Vaa glovu za nitrili. Usipulize kwa mrija mdomoni ukiwa umeinama, tumia kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi. Chupa zifungiwe mbali na watoto, zinang'aa kama sharubati.

Ukianza kupata kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu wakati wa kazi, toka nje, na siku hiyo isihesabike ya kuchora. Dalili zikirudi kila unaposhika wino, au kifua kikibana na kupiga filimbi, au ngozi ikiwasha na kutoka malengelenge, nenda zahanati ukamweleze daktari unachotumia, ikiwezekana ukiwa na chupa. Ikirukia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali, hata kama maumivu yamepungua. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali na chupa mkononi. Ukiwa mjamzito au una pumu, zungumza na daktari kabla ya kuendelea.

Kuna jambo moja pia ambalo maandishi hayawezi kulimaliza. Kama baada ya kubaki na rangi mbili na giza moja bado unapata matope, anayeweza kukusaidia ni mtu aliyesimama kando yako akiangalia mkono, kasi na kiasi cha alkoholi. Tafuta wachoraji wa hapo Tanga hata kama wanatumia rangi ya maji, macho yao yatatosha. Ukipata safari ya Dar es Salaam, pita Nafasi Art Space pale Mikocheni ukutane na wasanii wakiwa kazini.

Boksi lako la 24 usilitupe. Zile ambazo karatasi ya kuchujia imeonyesha ni za rangi moja, linganisha na sita nilizokutajia; inawezekana tatu au nne unazo tayari, na hela uliyopanga ikahamia kwenye alkoholi safi na vanishi, ambavyo unavihitaji kuliko chupa ya saba. Zilizobaki zitumie kwenye kadi na shanga, mambo yasiyokaa juani. Yule mteja mchoree upya kwa feruzi, nili na kutu, umweleze waziwazi kwa nini ile ya kwanza ilichujuka, na umwombe asiitundike ukuta unaotazamana na dirisha.